Ghuba ya Mwanza inauawa na mji, si na mvuvi

#1 Mwana wa Luchelele

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila kikao cha mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ninachohudhuria naambiwa jambo moja: samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi haramu. Kokoro la kukokota chini, nyavu za timba, nyavu za macho madogo, hadithi imeisha. Tangu Operesheni Sangara ya 2018 nyavu zimechomwa, watu wamepigwa faini hadi wakauza mashamba, na bado sato wa kueleweka unaweza kumtafuta asubuhi nzima usimpate.

Hoja yangu ni kwamba ghuba hii ya Ziwa Victoria inauawa kutoka nchi kavu. Nenda ufukweni Luchelele, Nyegezi, hadi Butimba siku isiyo na upepo. Utando wa kijani umelala juu ya maji, mzito, ukichota kwa kiganja unabaki umenata kwenye vidole hata maji yakishamwagika. Harufu yake siwezi kuieleza. Wiki iliyopita, baada ya upepo wa siku kadhaa, wameelea furu wengi, wale samaki wadogo wa asili, na sangara wakubwa kadhaa, hawana alama ya wavu wala ndoano. Hao hakuna aliyewavua. Nani kawaua?

Karibuni, ila tuje na hoja.

#2 Jembe la Igoma

Nimekaa mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Mama Dagaa Kirumba

Baba wa Luchelele, umesema ukweli wote. Mimi biashara yangu ni dagaa, miaka yote nipo mwaloni. Mvua kubwa ikinyesha mjini, kesho yake njoo uone Mto Mirongo unachokileta: chupa, pampasi, kandambili, magunzi, mifuko ya takataka imefungwa vizuri kabisa, mtu kaibeba kutoka nyumbani kwake akaitupia mtoni. Vyoo vya mabondeni navyo hufunguliwa mvua ikinyesha, wenyewe wanajua. Halafu jioni mtu huyo huyo anakuja kwangu kuniuliza dagaa zangu mbona zina mchanga.

#4 Nahodha wa Ukara

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini usitutakase sisi wavuvi. Mimi ni mvuvi na naongea nikiwa mvuvi. Kokoro likivutwa mahali pa mazalia linakwangua viota vya sato vyote. Sato dume anachimba kiota chini, jike anabeba mayai mdomoni. Ukipitisha kokoro hapo umemaliza baba, mama na watoto kwa mpigo. Hilo halihitaji uchafu wa mji.

Na kuna wanaotia sumu. Hao hata sitaki kuwaita wavuvi.

#5 Kadogo wa Sengerema

Wote mnazunguka tu. Mwuaji anajulikana: sangara. Wazungu walimleta miaka ya 80, akamaliza furu wote, na furu ndio walikuwa wanakula huo mwani wa kijani. Ukiondoa anayefagia, nyumba inachafuka.

#6 Mtu wa Maabara

Kadogo, sehemu kubwa upo sahihi, ila tuweke miaka sawa. Sangara alianza kupandikizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, na upandikizaji ukaendelea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 80 ndipo alipolipuka kwa wingi. Sato naye, tunayemwona wa kwetu, aliletwa kipindi hicho hicho cha miaka ya 1950. Wenyeji halisi wa jamii hiyo ni ngege na mbiru, ambao siku hizi mtoto wa Mwanza anaweza kukua bila kuwaona.

Kuhusu furu, ziwa hili lilikuwa na aina kama 500. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa Mwanza wakifanya kazi na Watanzania, na nyavu za kukokota chini zilikuwa zikitoa furu zaidi ya asilimia 80 ya uzito wote. Katikati ya miaka ya 80 walikuwa karibu wametoweka kwenye maji ya wazi. Wanakadiria aina 200 au zaidi zilipotea. Ni moja ya vifo vikubwa vya wanyama wenye uti wa mgongo vilivyoshuhudiwa na binadamu wa sasa, na vilitokea hapa kwetu.

Lakini kumbuka pia kwamba kabla sangara hajafika kwa wingi, meli za kukokota zilikuwa zinavua furu kwa ajili ya kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo, na kusini mwa ghuba furu walikuwa tayari wameanza kupungua. Kwa hiyo Nahodha wa Ukara naye ana hoja.

#7 Kadogo wa Sengerema

Miaka ya 50, sawa. Mwuaji anabaki yule yule.

#8 Binti Nyakato

Naomba kuuliza wakuu, mimi si mtu wa ziwa, nimeolewa huku. Kama sangara ndiye mbaya, mbona naye anapungua? Shemeji zangu walijenga nyumba kwa kuuza mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, sasa wanalalamika.

#9 Mzee wa Mwigobero

Binti Nyakato, karibu Mwanza. Sangara anapungua kwa sababu tumemla akiwa mtoto. Sheria yetu ilisema avuliwe kuanzia sentimita 50 hadi 85, yule mdogo aachwe akue, na yule mkubwa aachwe azae, maana jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Sasa nenda mwaloni usiku wa manane uone vinavyoshushwa. Vidogo vinageuzwa kayabo, vinapigwa chumvi, vinakwenda Kongo. Wakubwa wanatafutwa kwa ajili ya bondo. Katikati kinabaki nini?

Na kuna jambo watu hawalioni. Sato ukimpasua unaweza kumkausha juani. Sangara ana mafuta, lazima moto. Kwa hiyo kila kilo ya sangara mkavu ina kuni ndani yake. Visiwa vingi nilivyovijua vikiwa na msitu vimebaki vichwa vitupu. Mvua ikinyesha udongo wote unaingia ziwani. Tazama mnyororo huo.

#10 Mwana wa Luchelele

Mzee shikamoo. Umeniongezea hoja, si kunipunguzia. Udongo ukiingia ziwani unatoka nchi kavu, au siyo?

#11 Mzee wa Mwigobero

Marahaba. Unatoka nchi kavu, lakini aliyekata kuni ni wa ziwani. Usigawe watu mafungu mawili kijana wangu.

#12 Ng'wana Magu

Mnasahau mashamba. Mto Simiyu unakuja na dawa za pamba na kinyesi cha ng'ombe wa Usukuma mzima, unamwaga hapo kwenye ghuba ya Mwanza, halafu mnashangaa maji ya kijani.

#13 Nahodha wa Ukara

Simiyu unamwaga Ghuba ya Speke ndugu yangu, upande wa Magu. Luchelele na Nyegezi ziko ghuba nyingine kabisa. Wasukuma wa bara mkiona maji yoyote mnadhani ni malambo ya ng'ombe.

#14 Ng'wana Magu

Haya, Mkerewe kaongea. Nyie si mnajua ziwa tu, shamba lenu ni mwamba na mihogo. Lakini hoja ya mbolea na ng'ombe ibaki palepale, ghuba zote zinaungana.

#15 Mtu wa Maabara

Naomba nirudi kwenye swali la mleta uzi, samaki walioelea. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Ziwa hili ni pana sana lakini halina kina. Sehemu ya kina kirefu ni kama mita 80 tu, na wastani ni mita 40 hivi. Sehemu kubwa ya mwaka, kwenye maji ya wazi, juu panakuwa na joto na chini pana ubaridi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Mwani ukifa unazama, unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Chini panabaki maji yasiyo na hewa, wakati mwingine yana harufu ya yai viza. Samaki hawawezi kukaa huko.

Ikifika Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapanda. Yakiingia kwenye ghuba, samaki wanakutana nayo ghafla. Sangara ndiye anayehitaji oksijeni nyingi kuliko wengi, ndiyo maana anakufa yeye wakati kamongo na mumi wanaendelea na maisha. Mwana wa Luchelele amesema walielea baada ya upepo, na wakubwa walikuwamo. Ukiwakagua ukakuta wameachama mdomo na matamvua yametanuka, hiyo ni dalili ya kukosa hewa.

Mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walielea Uganda na Kenya, watu wakasema ni sumu. Maelezo ya mamlaka za uvuvi yalikuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba.

#16 Kadogo wa Sengerema

Kwa hiyo unasema ni asili tu, tusimlaumu mtu?

#17 Mtu wa Maabara

Hapana. Kupanda kwa maji ni asili. Kukosekana kwa oksijeni chini kwa kiwango hiki si asili. Vipimo vya 1960 na 1961 vilionyesha maji ya wazi yana mwanga mpaka mita kadhaa chini. Kufikia miaka ya 1990 kina cha kuona kilikuwa kimepungua sana na sehemu isiyo na hewa imepanuka. Kilichobadilika ni fosforasi na naitrojeni zinazoingia. Hapo ndipo ubishi unapoanza: zinatoka wapi?

#18 Fundi wa Vizimba

Huyo wa Maabara amenigusa. Mimi nafuga sato kwenye vizimba, siwezi kusema wapi. Asubuhi moja ya kipindi hicho cha upepo, kabla jua halijachomoza, nilikuta samaki wote wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Hawakugusa chakula. Hadi saa tatu kizimba kimoja kilikuwa cheupe, matumbo juu. Nilidhani nimetiliwa sumu na mtu, nikaanza kuwawazia vibaya majirani.

Baadaye mtaalamu mmoja aliniambia usiku mwani nao unavuta oksijeni, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ikikutana na maji ya chini yaliyopanda, umekwisha. Tangu hapo nimehamia kwenye kina zaidi na mkondo.

#19 Mama Dagaa Kirumba

Pole baba. Lakini nikuulize bila ugomvi. Chakula ambacho samaki wako hawali na kinyesi chao vinakwenda wapi? Vizimba vimekuwa vingi, serikali inakopesha watu, vijana wanapata kazi, sawa. Lakini vyote viko karibu na ufuko, kwenye maji tunayokunywa.

#20 Fundi wa Vizimba

Swali la haki mama. Vinazama chini, siwezi kukataa. Ndiyo maana nasema kizimba kiwekwe kwenye kina na mkondo, visirundikane. Tatizo watu wanaogopa wizi, wanataka kizimba wakione wakiwa kibarazani.

#21 Kilwa Masoko

Habari za huko bara. Mimi ni wa pwani, nimepita tu. Naona mnayolilia ni yale yale tuliyoyalilia sisi na baruti. Mtu anapiga bomu, anaokota samaki wa kujaza ndoo, chini kaacha matumbawe yamekuwa kifusi. Pale samaki hawarudi leo wala kesho. Miaka ya karibuni doria zimepunguza sana, tunashukuru. Halafu 1998 bahari ilipata joto la El Nino, matumbawe yakapauka pwani yote hii. Hapo hapakuwa na mvuvi wala baruti, lakini mtu ukisema hivyo kijijini unaonekana unatetea wapiga mabomu.

Kwa hiyo mimi nasema: vyote viwili. Tena uchafu wenu ukishuka huku tutakutana.

#22 Ng'wana Magu

Kilwa usiwe na wasiwasi, maji yetu yanatoka Jinja yanaingia Mto Nile, yanaishia Mediterania. Nyie kaeni na samaki wenu wa chumvi.

#23 Kilwa Masoko

Haya, changu na kolekole zetu hatuwabadilishi na panki, mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani.

#24 Mhasibu Mstaafu

Ndugu Magu, hapo kwenye Jinja kuna jambo kubwa umelipita. Maji yanayotoka Jinja ni kidogo tu. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa vilevile huondoka kwa mvuke. Sasa mvuke unapanda ukiwa maji matupu. Mbolea, kinyesi, sabuni, zebaki ya machimbo, vyote vinabaki humu. Ndiyo maana kosa la mwaka huu halifutiki mwaka ujao. Mimi jambo hili lilinikosesha usingizi nilipolielewa.

#25 Jembe la Igoma

Na Uganda wakifungulia maji pale bwawani ziwa linakauka. Miaka yote ziwa linapungua kwa sababu yao.

#26 Mhasibu Mstaafu

2006 kweli lilishuka sana, na ubishi wa bwawa la Jinja ulikuwa mkali, ingawa kulikuwa na ukame pia. Lakini si kweli kwamba linapungua miaka yote. 2020 lilivuka rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena zaidi. Mialo mingi ilimezwa, vyoo vya mialoni vikaingia majini. Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu ya uchafu: ziwa ndilo lililofuata vyoo.

#27 Mama Dagaa Kirumba

Ni kweli kabisa. Kuna sehemu tulizokuwa tunaanika dagaa, leo mtumbwi unapita.

#28 Wakili wa Pasiansi

Na ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Siyo kwa ajili ya kumwonea maskini. Ukiangalia ghuba hii, waliojenga ndani ya mita hizo si wenye vibanda peke yao. Kuna kuta za mawe zimeingia mpaka majini, na matete yaliyokuwa pale yameng'olewa ili mtu aone machweo.

Matete na mafunjo ndiyo chujio. Maji ya mvua yakipita humo yanaacha tope na mbolea, na samaki wadogo wanajificha humo. Ukiyang'oa, bomba la mji linamwaga moja kwa moja.

#29 Mwana wa Luchelele

Wakili, asante. Hili ndilo ninalolilia. Mvuvi akikutwa na timba anachomewa hadharani, kamera zipo. Aliyeng'oa matete ukanda mzima, nani amewahi kumchomea nini? Nataka sheria itazame pande zote mbili kwa jicho moja.

#30 Nahodha wa Ukara

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini timba ichomwe.

#31 Kijana Buhongwa

Kuna utafiti mmoja nauelewa vizuri maana ulifanyika hapa Mwanza. 2015 walinunua sangara na sato sokoni, wakawapasua matumbo, wakakuta plastiki. Mmoja kati ya watano. Vipande vya mifuko, nyuzi za nguo, hivyo hivyo. Miaka minne baadaye, 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini. Lakini chupa na nyavu chakavu bado. Wavuvi mnatupa vipande vya nyavu majini, msikatae.

#32 Mtu wa Maabara

Utafiti huo ni wa kweli, ila tuwe waangalifu: walipima samaki 20 wa kila aina. Unatosha kuonyesha kwamba plastiki imefika, hautoshi kusema imefika kiasi gani ziwa zima.

#33 Mwalimu wa Biolojia

Nimesoma uzi wote kimya, ila kuna kitu kimoja nataka watu wa Mwanza wakijue, kwa sababu kinaniuma.

Kuna furu mmoja mzuri sana, anakaa kwenye miamba ya ghuba yetu. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Kisayansi anaitwa *Pundamilia nyererei*, amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Ana ndugu yake anayefanana naye karibu kila kitu, ila dume wa huyo ni wa kibuluu. Majike wa aina hizi mbili wanachagua dume kwa rangi. Mwekundu kwa mwekundu, kibuluu kwa kibuluu, na hivyo ndivyo aina mbili zinavyobaki mbili.

Sasa maji yakichafuka, mwanga wa rangi haufiki chini. Jike haoni vizuri nani ni nani. Watafiti walilinganisha visiwa: Makobe, ambako maji ni angavu zaidi, aina hizi mbili zipo wazi kabisa. Kisiwa cha Luanso, kusini mwa ghuba yetu kwenye tope, wamechanganyika, unakuta samaki wa rangi ya katikati tu. Hakuna wavu uliowavua. Hakuna sangara aliyewameza. Wametoweka kwa kutoonana.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu, mmoja aliuliza kama kuna mahali mjini ambapo wanaweza kumwona samaki mwenye jina la Mwalimu. Sikuwa na jibu la kumpa. Tunauza picha za twiga na simba kwa watalii hapa katikati ya mji, na huyu hana hata bango.

#34 Binti Nyakato

Mwalimu, umenifanya nisimame. Sikujua kabisa. Furu kwangu ni wale wa kuunga kwenye mchuzi.

#35 Kadogo wa Sengerema

Mwalimu wabeja sana. Lakini hao walio kwenye mwamba wamebaki kwa sababu sangara hawafuati huko kwa urahisi. Nashikilia msimamo wangu.

#36 Mtu wa Maabara

Na sangara walipovuliwa sana miaka ya 90, baadhi ya furu walianza kurudi ndani ya ghuba hii hii. Hiyo inampa Kadogo nguvu. Lakini waliorudi hawakuwa mchanganyiko ule wa zamani, na waliyarudia maji machafu kuliko waliyoyaacha.

#37 Ng'wana Magu

Tusisahau Mto Mara, Machi 2022. Maji yalibadilika rangi yakawa meusi, samaki wakafa, kamati ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuamini mpaka leo. Mimi mfugaji, niliumia. Lakini nikisoma maelezo ya Mtu wa Maabara kuhusu kuoza na oksijeni, naona mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja: kuoza kunaweza kuua samaki, na bado wananchi wakawa na haki ya kuuliza kilichooza kimetoka wapi.

#38 Mama Dagaa Kirumba

Huo ndio mjadala sasa.

#39 Jembe la Igoma

Kule Ziwa Tanganyika walifunga uvuvi 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wakapumua. Na huku wafunge, mambo yatanyooka.

#40 Mzee wa Mwigobero

Ukifunga Victoria miezi mitatu, Mama Dagaa na wenzake watakula nini? Dagaa pekee ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwa zima, na ndiyo mboga ya asiye na kitu mpaka Tabora huko. Tena tuko nchi tatu. Sisi tukifunga, wengine watakuja usiku.

#41 Nahodha wa Ukara

Mzee, Tanganyika nako wako nchi nne. Dagaa hufungwa siku za mbalamwezi tayari, maana taa hazina kazi kukiwa na mwezi, na hatujafa. Mimi ningekubali wafunge mazalia tu, sehemu zijulikane, ziwekewe maboya, walinzi wawe sisi wenyewe wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo. Siyo ziwa zima.

#42 Mhasibu Mstaafu

Kufunga kutampa samaki nafasi. Hakutaondoa fosforasi hata gramu moja. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili inaanguka kutoka angani: vumbi la mashamba yaliyo uchi na moshi wa kuchoma nyasi na misitu, inashuka na mvua. Ukifunga uvuvi bila kuacha kuchoma mbuga kila kiangazi, utando wa kijani utarudi.

#43 Mwana wa Luchelele

Kwa hiyo hata anayechoma nyasi Shinyanga anatuchafulia Luchelele?

#44 Mhasibu Mstaafu

Upepo hauna mipaka ya wilaya.

#45 Fundi wa Vizimba

Wakuu, mimi naomba tushuke kwenye jambo la kufanya. Nina mzani na thermometa, sina kipima oksijeni. Kama kuna mwenye nacho, au anayesoma pale chuo cha uvuvi Nyegezi, upepo ukianza tena tupime alfajiri sehemu tatu: mdomoni mwa Mirongo, Luchelele na mbali katikati ya ghuba. Mafuta ya injini ni juu yangu.

#46 Mtu wa Maabara

Nipo. Tupime juu na chini, sio juu tu. Ukipima juu peke yake utarudi na jibu zuri la uongo. Na uchukue maji kwenye chupa safi kwa ajili ya fosforasi, nitaona pa kupimia.

#47 Mama Dagaa Kirumba

Mimi nitawaonyesha mahali Mirongo unapoingilia, na saa za kwenda. Msivae viatu vyeupe.

#48 Nahodha wa Ukara

Kabla hamjaenda, nawaongezea kazi. Jana jioni vijana wangu wametoka upande wa maji makuu, nyuma ya Ukara. Wameona sangara wanaelea huko pia, watatu wakubwa, mmoja bado anachezesha mkia. Huko hakuna mji, hakuna Mirongo, hakuna vizimba, hakuna ukuta wa mtu. Upepo ulikuwa umevuma toka juzi. Mwana wa Luchelele, hao nao kawaua nani?

#49 Mwana wa Luchelele

Nahodha, waambie vijana wakiwaona tena wapige picha za mdomo na matamvua, waandike saa na mahali. Halafu leta hapa. Chupa ya nne ya maji itatoka huko kwako.

#50 Kadogo wa Sengerema

Na wampasue tumbo. Nataka kujua alikuwa amekula nini.